Vielezi vinavyokwepa: utatuzi wa matatizo ya kuvitambua katika sentensi

Mwanafunzi anayekosea vielezi mara nyingi amekariri sana, tena vizuri. Anazo orodha zote: vya mahali, vya wakati, vya namna, vya idadi. Anajua kwamba “vizuri” ni kielezi cha namna na “jana” ni cha wakati. Kisha analetewa sentensi “Jana ilikuwa Jumatatu”, anapigia “jana” mstari, anaandika E, alama ya kielezi, na anakosa.

Orodha humfundisha mtu kulitazama neno likiwa peke yake, ilhali Kiswahili hulipa neno kazi likishaingia kwenye sentensi. “Vizuri”, “haraka”, “kidogo”, “mbio” na “nyumbani” ni vielezi katika sentensi hii na kitu kingine katika ile. Kwa hiyo mwongozo huu haupangi vielezi kwa aina. Unaanza na kosa linavyoonekana kwenye daftari, unaeleza chanzo chake, halafu unatoa kipimo cha kulitatua.

Vipimo vyenyewe ni vinne, na vitarudi mara kwa mara hapa chini.

Cha kwanza ni upatanisho. Badilisha umoja uwe wingi, au weka nomino ya ngeli nyingine. Neno linalobadilika kufuata nomino si kielezi.

Cha pili ni swali. Kielezi hujibu vipi, lini, wapi, mara ngapi, kiasi gani, kwa kutumia nini, au kwa sababu gani. Neno likijibu “nani?” au “nini?” kuhusu mtenda au mtendwa, umeshika nomino au kiwakilishi.

Cha tatu ni kuhamisha. Vielezi vingi vya wakati na mahali huhama hadi mwanzo wa sentensi bila maana kuharibika. Vya namna huhama kwa shida zaidi, na vingine havihami kabisa.

Cha nne ni kugeuza sentensi iwe ya kutendwa. Kilichokuwa shamirisho, yaani kinachotendwa, kitapanda kiwe kiima, yaani sehemu ambayo kitenzi hupatana nayo. Kielezi kitakataa.

Usitegemee kipimo kimoja. Kila kimoja kina mahali kinapodanganya, na hapo ndipo matatizo mengi hutokea.

Dalili: “vizuri” limeandikwa E kila lilipoonekana

Chanzo ni kiambishi “vi-”. Kiswahili hukitumia kwa kazi mbili: upatanisho wa wingi katika ngeli ya KI-VI, na kugeuza shina la kivumishi liwe kielezi cha namna. Kwa hiyo “-zuri” hutoa “vizuri”, “-baya” hutoa “vibaya”, na “-ema” hutoa “vyema”, na kila umbo lina sura mbili.

Tazama hizi tatu:

Vitabu vizuri vimeuzwa.
Asha anaandika vizuri.
Vizuri vimeuzwa.

Katika ya kwanza, weka umoja: “Kitabu kizuri kimeuzwa.” Neno limebadilika, kwa hiyo ni kivumishi. Katika ya pili, weka wingi: “Asha na wenzake wanaandika vizuri.” Halikubadilika, na linajibu “wanaandika vipi?”, kwa hiyo ni kielezi. Katika ya tatu hakuna nomino kabisa. Neno limesimama mahali pa nomino na kitenzi kimechukua “vi-” kulifuata, kwa hiyo ni kiwakilishi.

Hadi hapo ni rahisi. Ugumu unakuja kwenye sentensi kama hii:

Fundi amepanga viti vizuri.

Ina maana mbili, na zote ni halali. Pengine viti vyenyewe ni vizuri, pengine upangaji ndio mzuri. Utata huu hutokea pale tu shamirisho likiwa la wingi wa KI-VI, kwa sababu hapo kivumishi na kielezi hufanana sura. Weka ngeli nyingine na utata unaondoka papo hapo: “amepanga meza nzuri” ni kivumishi, “amepanga meza vizuri” ni kielezi. Weka umoja na mambo yanakuwa wazi vilevile: “kiti kizuri” dhidi ya “kiti vizuri”. Swali la mtihani likikutaka ueleze utata wa sentensi ya aina hii, jibu lipate sentensi mbili zilizonyooshwa. Maelezo matupu hayatoshi. Kwa maana ya kielezi, andika “Fundi amevipanga vizuri viti.” Kwa maana ya kivumishi, andika “Fundi amepanga viti vilivyo vizuri.”

Kasoro hiyohiyo hujificha kwenye “-vyo-” ndani ya kitenzi. “Nilipenda vyakula alivyopika” inazungumzia vyakula. “Nilipenda alivyopika” inazungumzia jinsi ya kupika. Kukiwa na nomino ya KI-VI wingi mbele ya kitenzi hicho, “-vyo-” huirejelea. Ikikosekana, “-vyo-” ni ya namna, na unaweza kuchomeka “jinsi” au “vile” mbele yake bila kuharibu kitu: “Nilipenda jinsi alivyopika.”

Kiambishi “ki-” nacho kina hila zake. “Kitoto kinalia” ni nomino ya udogo. “Tabia ya kitoto” ni kivumishi cha a-unganifu, kwa sababu ya “ya”. “Mzee yule analia kitoto” ni kielezi, na wingi wake huonyesha hivyo: “Wazee wale wanalia kitoto”, si “vitoto”. Vivyo hivyo “anazungumza Kiswahili” na “amevaa Kiswahili” hazifanani. Ya kwanza inageuka “Kiswahili kinazungumzwa”, basi hiyo ni shamirisho. Ya pili haigeuki, nayo inajibu “amevaa vipi?”.

Dalili: neno la kwanza katika sentensi limewekwa kwenye KN (kirai nomino) ilhali si kiima, au kinyume chake

Mwanafunzi akizoea kwamba kiima hukaa mwanzoni, huona “Jana” katika “Jana nilimwona mwalimu” na kuliingiza kwenye kirai nomino. Mwingine, akizoea kwamba “jana” ni kielezi, huliandika E hata katika “Jana ilikuwa Jumatatu.” Wote wawili wameacha kutazama mahali pamoja palipo na jibu: kiambishi cha mwanzo cha kitenzi.

Katika “Jana nilimwona mwalimu”, kitenzi kimeanza na “ni-”. Mtenda ni mimi. “Jana” halikupatanishwa na chochote, kwa hiyo ni kielezi kilichohamia mbele, na katika uchanganuzi kinabaki mali ya kiarifu, sehemu ya sentensi yenye kitenzi. Katika “Jana ilikuwa Jumatatu”, kitenzi kimechukua “i-” ya “jana” lenyewe. Hapo “jana” ndilo kiima.

Mahali nako ni vivyo hivyo, na hapa ndipo Kiswahili kinapopendeza zaidi:

Watu wamejaa nyumbani.
Nyumbani watu wamejaa.
Nyumbani pamejaa watu.

Katika ya kwanza na ya pili, kitenzi kina “wa-” ya watu, kwa hiyo “nyumbani” ni kielezi popote lilipokaa. Katika ya tatu, kitenzi kimechukua “pa-”. Mahali pameshika nafasi ya kiima, na “watu” hawana tena mamlaka juu ya kitenzi. Anayeandika E chini ya “nyumbani” katika sentensi ya tatu anakosea ingawa neno ni lilelile na nafasi ni ileile ya sentensi ya pili.

Methali huleta mtego wa ziada. “Haraka haraka haina baraka”: “haina” ina “i-”, kwa hiyo “haraka” hapa ni nomino, tofauti na “njoo haraka”. Lakini “Haba na haba hujaza kibaba” haionyeshi kiambishi chochote, kwa sababu “hu-” ya mazoea hufuta kipatanishi. Kipimo cha kiambishi kikinyamaza namna hiyo, uliza swali: nini hujaza kibaba? Haba na haba. Basi ni kiima. Au badilisha “hu-” iwe “-na-” uone kitakachojitokeza: “Mbio za sakafuni huishia ukingoni” inakuwa “zinaishia ukingoni”, na “za” iliyofuata “mbio” ilikuwa imekwisha kutoa siri kwamba hiyo ni nomino. Katika “alikwenda mbio” hakuna “za” wala kipatanishi. Hicho ni kielezi.

Dalili: kila neno lenye “-ni” mwishoni limehesabiwa kielezi cha mahali

Kata “-ni” uone kinachobaki. “Meza-ni”, “soko-ni” na “bandari-ni” zinaacha nomino kamili. “Sahani”, “jirani”, “mtihani”, “ramani” na “imani” zinaacha kipande kisicho nomino inayohusiana nazo, kwa hiyo “-ni” hiyo ni sehemu ya shina, na neno ni nomino ya kawaida. Ukitaka mahali, unaongeza nyingine: “sahanini”.

Baada ya kukata, hakikisha pia kwamba hushughuliki na kitenzi. “Simameni”, “ondokeni” na “njooni” ni amri za wingi. Vitenzi vinavyoishia na “a” hujitambulisha kwa sababu “a” hiyo hugeuka “e”. Vile vya asili ya Kiarabu havigeuki, na ndivyo vinavyosumbua. “Jibuni maswali yote” ni amri. “Kosa liko jibuni” ni mahali. Umbo ni moja, na kinachozitenganisha ni kwamba katika ya pili kuna kitenzi kingine.

“Lini” ni kielezi, ila cha wakati, na “-ni” yake haihusiani na mahali.

Kinyume chake, kukosa “-ni” si dalili ya kutokuwa kielezi. Majina ya miji hayapokei kiambishi hicho: mtu huenda Tanga, hukaa Kisumu, hutoka Bujumbura. Wengi pia husema “amekwenda posta”.

Kosa la uandishi linaloambatana na tatizo hili ni kurudia mahali mara mbili: “katika nyumbani”, “kwenye mezani”. Chagua kimoja. Ama “katika nyumba”, ama “nyumbani”.

Dalili: chagizo (sehemu ya sentensi inayofanya kazi ya kielezi) limeandikwa shamirisho

“Juma alitembelea Mombasa.” “Juma alifika Mombasa.” Kwa macho, sentensi hizi ni pacha. Geuza iwe ya kutendwa. “Mombasa ilitembelewa na Juma” inasimama, basi “Mombasa” ni shamirisho. “Mombasa ilifikwa na Juma” haisimami. Kitenzi “kufikwa” kipo, lakini kina maana ya kupatwa: mtu hufikwa na msiba. Kwa hiyo Mombasa ya pili ni chagizo cha mahali.

Ukiulizwa kuhusu neno hilo la pili, soma swali vizuri. Likitaka aina ya neno, “Mombasa” ni nomino ya pekee. Likitaka uamilifu au dhima, ni chagizo. Majibu mawili tofauti, yote sahihi, na alama hupotea kwa kuandika moja mahali pa jingine.

Kipimo hiki ndicho kinachookoa katika misemo ambamo nomino tupu inafanya kazi ya kielezi: “amelala njaa”, “amekufa maji”, “wamesoma usiku kucha”, “ametembea kilomita kumi”. Njaa haikulalwa na usiku haukusomwa. Kila moja inajibu vipi, lini au kiasi gani. Mwanafunzi anayejua kwamba “maji” ni nomino huandika “amekufa maji” kama T (kitenzi) na N (nomino), kisha anashindwa kueleza maji hayo yametendwa nini.

Dalili: mchoro wa matawi una E upande wa KT (kirai kitenzi) ilhali inastahili kuwa upande wa KN

Hili ni la wanaojua fasili nusu: kwamba kielezi hufafanua kitenzi. Nusu nyingine ni kwamba hufafanua pia kivumishi na kielezi kingine. Chukua sentensi hii:

Mtoto mdogo sana amelala fofofo.

“Sana” linaeleza udogo, si kulala. Linafuata kivumishi chake ndani ya kirai nomino (S ni sentensi, V ni kivumishi):

S → KN + KT
KN → N (mtoto) + V (mdogo) + E (sana)
KT → T (amelala) + E (fofofo)

Namna ya kuhakikisha ni kulitoa neno ambalo unadhani linafafanuliwa. Ondoa “mdogo”: “Mtoto sana amelala fofofo” inaporomoka. “Sana” lilikuwa limeegemea hapo. Katika “Mtoto mdogo amelala sana”, ukiondoa “mdogo” sentensi inabaki wima. Hapo “sana” ni la kitenzi.

Kielezi juu ya kielezi kinafuata utaratibu huohuo: “amekuja mapema mno” ina E mbili, ya pili ikiipima ya kwanza.

Kosa jingine la mchoro ni kukigawa kirai. “Walirudi nyumbani kwao” haina vielezi viwili vya mahali. “Kwao” ni kimilikishi kinachopatana na “nyumbani”, na maneno yote mawili yanafanya kirai kimoja. Hali kadhalika “kila siku”: “kila” ni kivumishi, “siku” ni nomino, na kwa pamoja hutenda kazi ya kielezi cha wakati. Ukiambiwa upigie mstari kielezi, pigia kirai kizima.

Dalili: “kwa” inatoa aina tofauti kila mara na hujui uandike ipi

“Kwa” haina aina yake kati ya aina za vielezi. Hiyo ni kihusishi, na aina huamuliwa na swali ambalo kirai kizima kinajibu. “Alikwenda kwa daktari”: wapi? Mahali. “Alimaliza kwa dakika tano”: kwa muda gani? Wakati. “Alijibu kwa hasira”: vipi? Namna. “Alikata mkate kwa kisu”: kwa kutumia nini? Ala. “Alikonda kwa ugonjwa”: kwa sababu gani? Sababu. Na sentensi inaweza kubeba mbili: “Alikata mkate kwa kisu kwa haraka” ina ala na namna.

Ila si kila “kwa” ni kihusishi. Katika “nyumbani kwa Asha”, “kwa” ni a-unganifu ya mahali. Kipimo chake ni cha uhakika: jaribu kuweka “pa” au “mwa”. “Nyumbani pa Asha” na “nyumbani mwa Asha” zinakubalika, kila moja na maana yake ya mahali. “Alikata pa kisu” haikubaliki. “Kwa” inayoweza kubadilishwa hivyo imefungwa kwenye neno la mahali lililotangulia, na haianzishi kielezi kipya.

“Na” ya mtenda nayo huchanganywa. “Alikatwa na kisu” na “alikatwa kwa kisu” hutenganishwa kwa kurudi kwenye kutenda: ya kwanza inakuwa “kisu kilimkata”, ya pili inakuwa “fulani alimkata kwa kisu”. Kielezi cha ala kipo katika ya pili tu.

Dalili: “kidogo” linakataa vipimo vyote

Neno hili linastahili kushughulikiwa peke yake. “Kitabu kidogo kimepotea” ni kivumishi, wingi “vitabu vidogo”. “Tulipumzika kidogo” ni kielezi. “Kidogo kimebaki” ni kiwakilishi. Hizo hazisumbui.

Inayosumbua ni “niongezee chai kidogo.” Chai ni ya I-ZI, kivumishi kingekuwa “ndogo”, na “kidogo” halikupatana. Kwa kipimo cha upatanisho pekee ungeandika E. Lakini linaeleza kiasi cha chai, na nomino ndiyo linayoifafanua, kwa hiyo vitabu vya sarufi huliweka kwenye vivumishi vya idadi isiyo dhahiri. Ukisema “chai ndogo” umebadilisha maana: pengine kikombe ndicho kidogo. “Maji kidogo”, “sukari kidogo” na “maembe tele” ni vivyo hivyo. Tofautisha na “maembe yamejaa tele”, ambamo “tele” linaeleza kujaa.

Na kama ilivyo kwa “viti vizuri”, umoja wa KI-VI una utata wake: “Amesoma kitabu kidogo.” Kitabu ni chembamba, au usomaji ulikuwa wa muda mfupi? Weka “barua” mahali pa “kitabu” na utajua ulichokuwa ukimaanisha: “barua ndogo” au “barua kidogo”.

Maneno ya mtaani yasiyopokea upatanisho hupimwa kwa njia hii pia. “Amevaa viatu poa” na “ameimba poa”: la kwanza linaegemea viatu, la pili linaegemea kuimba. Hakuna kiambishi cha kukusaidia, kuna maana na ujirani wa maneno tu.

Dalili: tanakali za sauti zimeachwa bila jina, au zimeitwa vihisishi

Sababu ni kwamba hazihami. “Fofofo alilala” haisemwi, basi anayetumia kipimo cha kuhamisha huona neno halifai kuwa kielezi. Kipimo ndicho hakifai hapa. Vielezi viigizi vimefungwa kwenye vitenzi vyake, na kila kitenzi kina chake: kulala fofofo, kunyamaza jii, kutulia tuli, kulewa chakari, kujaa pomoni, kuloa chepechepe, kuanguka majini chubwi. Ukibadilisha kitenzi, kielezi nacho hubadilika. Ufungamano huo wenyewe ndio ushahidi kwamba neno linafafanua kitenzi. Kihisishi hakijali kitenzi: “Lo!” hukaa mbele ya sentensi yoyote.

Baadhi hufuata kivumishi, nazo ziingie upande wake wa mchoro: “mweusi tititi”, “mweupe pepepe”. “Totoro” katika “giza totoro” imefuata nomino, kwa hiyo hapo inafanya kazi ya kivumishi.

Dalili: swali linadai kuna kielezi, na hakionekani popote

Kitafute ndani ya kitenzi. “Umefikaje?” ina “-je” inayouliza namna, sawa na “umefika vipi?”. Isichanganywe na “Je” ya mwanzo wa swali, ambayo haiulizi namna.

“Nilipofika, mvua ilikuwa inanyesha” ina “-po-” ya wakati. “Walikaa nilipokaa” ina “-po-” ya mahali, kwa kuwa inajibu “walikaa wapi?”. “Aliingia akicheka” ina “-ki-” inayoeleza namna ya kuingia. Hizi ni vishazi tegemezi vinavyofanya kazi ya kielezi. Ukiulizwa aina ya neno, “akicheka” ni kitenzi. Ukiulizwa kazi ya kishazi, ni kielezi cha namna.

Makosa madogo yanayopoteza alama

“Mara moja” ni idadi katika “nimemwona mara moja”, na ni wakati katika “njoo mara moja”, yaani sasa hivi. “Karibu” ni kielezi katika “anakaa karibu”, na ni kihisishi mlangoni. “Kwanza” ni kielezi katika “kwanza osha mikono”, ila “mtu wa kwanza” ni kivumishi kwa sababu ya “wa”. “Kamwe” linataka kitenzi cha kukanusha: “hatarudi kamwe”. Na “anaimba mzuri”, inayosikika sana, ni kosa: “m-” inakipatanisha kivumishi na mtu, wakati kinachosifiwa ni uimbaji. Ni “anaimba vizuri”.

“Polepole” huandikwa neno moja. “Wawili wawili” huandikwa mbalimbali.

Sentensi moja hadi mwisho

Jana jioni watoto wadogo sana wa jirani walipanga vyombo vizuri jikoni kwa saa mbili.

Kitenzi “walipanga” kina “wa-”, kwa hiyo kiima ni watoto na “jana jioni” ni kielezi cha wakati kilichotangulia. “Wadogo” linapatana: kivumishi. “Sana” linaegemea “wadogo”: E ndani ya KN. “Jirani” ina “-ni” ya shina: nomino. “Jikoni” ukiikata inaacha “jiko”, na inajibu wapi: E ya mahali. “Kwa saa mbili” inajibu kwa muda gani: E ya wakati, kirai kizima. “Vyombo” vinakuwa kiima ukigeuza, “vyombo vilipangwa”: shamirisho. Linabaki “vizuri”, na kwa kuwa vyombo ni vya KI-VI wingi, sentensi ina maana mbili. Badilisha “vyombo” iwe “sufuria” uone. Mwandishi aliyemaanisha upangaji alipaswa kuandika “walivipanga vizuri vyombo”.